Sehemu Isiyoliwa: Namna ya Kuyageuza Mafao ya Kustaafu Kuwa Kipato cha Kudumu

Mada hii ilitolewa na mhasibu mstaafu wa serikali za mitaa mbele ya watumishi wa Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro wanaotarajia kustaafu katika miaka 5 ijayo, pamoja na wenza wao, katika ukumbi wa Halmashauri, Mvuha. Tunaichapisha kwa manufaa ya watumishi wa vituo vya mbali ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nashukuru kwamba safari hii wenza wamealikwa. Kwa miaka mingi mafunzo ya namna hii yalimlenga mtumishi peke yake, kana kwamba uzee unaingia nyumbani kwa kuchagua mtu. Fedha ya kustaafu ni ya nyumba nzima, na maamuzi yatakayofanywa katika miezi 6 ya kwanza baada ya kuipokea ndiyo yatakayoamua chakula, matibabu na heshima ya wazee wawili kwa miaka 20 au zaidi.

Sheria inamruhusu mtumishi wa umma kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na inamtaka astaafu kwa lazima akifika miaka 60, isipokuwa kwa kada chache. Mwenye miaka 60 leo anaweza kufika 80, hata kuipita, na mwenza wake mara nyingi ni mdogo kuliko yeye. Swali la leo, kwa hiyo, ni hili: fedha inayopokelewa kwa siku moja inawezaje kulisha nyumba kwa miaka 20? Jibu langu nitalitoa mapema ili msilitafute katikati ya maneno mengi. Fedha inadumu kwa sababu ya sehemu yake isiyoliwa. Yote nitakayosema yanaeleza namna ya kuipata sehemu hiyo, kuilinda, na kuhakikisha kwamba mwenza anajua ilipo.

Fedha inayokuja na kanuni zake

Wengi wenu mliajiriwa wakati michango ya watumishi wa serikali za mitaa ikipelekwa LAPF. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 mfuko huo, pamoja na PSPF, PPF na GEPF, uliunganishwa na kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, yaani PSSSF. Mnakumbuka mjadala wa kikokotoo uliofuata. Kanuni za mwaka 2018 zililalamikiwa kote nchini, na mwezi Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli aliagiza utaratibu wa zamani uendelee hadi mwaka 2023. Kanuni nyingine zilianza kutumika tarehe 1 Julai 2022, zikiweka mkupuo wa asilimia 33. Katika bajeti ya mwaka 2024/2025 Serikali ilitangaza kuupandisha hadi asilimia 40 kwa wale ambao mkupuo wao ulikuwa umeshushwa kutoka asilimia 50, na asilimia 35 kwa wale waliokuwa na asilimia 25 hapo awali.

Sikuja kuufungua upya mjadala huo. Nimeutaja kwa sababu unatufundisha jambo moja: kanuni hubadilika, na asiyeijua hesabu yake mwenyewe huishi kwa tetesi za kijiweni. Hesabu yenyewe si ngumu. Chukueni wastani wa mshahara wa mwaka kwa miaka 3 iliyo bora zaidi katika miaka 10 ya mwisho. Zidisheni kwa idadi ya miezi mliyochangia, kisha gawanyeni kwa 580. Hiyo ni pensheni kamili ya mwaka. Izidisheni kwa 12.5, kisha kwa asilimia ya mkupuo inayomhusu kila mmoja.

Tumchukue muuguzi wa zahanati wa kufikirika. Amechangia kwa miezi 360, na wastani wa mshahara wake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka. Kwa asilimia 40 mkupuo wake ni shilingi 37,241,379. Tutaiita milioni 37.2. Juu ya hapo atalipwa pensheni ya kila mwezi maisha yake yote, na ofisi ya PSSSF ndiyo itakayomwonyesha kiasi chake kamili.

Pensheni ya kila mwezi ndiyo nguzo ya kwanza. Haitegemei soko, mvua wala uaminifu wa mbia. Lakini ni pungufu kuliko mshahara, na muuguzi wetu amekwisha kukaa na mumewe wakapiga hesabu. Wamegundua kwamba baada ya kutumia pensheni yote bado watapungukiwa shilingi 200,000 kila mwezi. Kazi ya mkupuo ni kuliziba pengo hilo, leo na baada ya miaka 20.

Njia tatu za kuila milioni 30

Tuseme kati ya milioni 37.2 muuguzi ameweka pembeni milioni 7.2 kwa mambo nitakayoyaeleza baadaye. Zimebaki milioni 30 za kuwekeza. Tuseme tena, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba uwekezaji wake unaleta asilimia 12 kwa mwaka. Hiyo ni shilingi 3,600,000, sawa na 300,000 kwa mwezi.

Njia ya kwanza ni kujilipa shilingi 500,000 kila mwezi. Mwaka wa kwanza nyumba inanawiri. Faida inaliwa yote, na kila mwezi mtaji nao unamegwa. Kwa kuwa mtaji unapungua, faida ya mwaka unaofuata ni ndogo zaidi, na kumegwa kunaongezeka. Kabla mwaka wa nane haujaisha, akaunti iko tupu. Muuguzi hajafikisha miaka 68.

Njia ya pili ni kula faida yote, shilingi 300,000 kila mwezi, bila kugusa mtaji. Hii inaonekana ya busara, na wengi huishia hapo. Tatizo lake ni bei za vitu. Kati ya mwaka 2018 na 2024 mfumuko wa bei nchini ulikuwa kati ya asilimia 3 na 5 kwa mwaka, kiwango ambacho wachumi hukiita tulivu. Lakini hata asilimia 4 tu kwa mwaka hufanya bei ziongezeke maradufu katika miaka 18. Muuguzi akifika miaka 78, milioni 30 zake zitakuwapo zote kwenye karatasi, ila 300,000 yake itanunua kile ambacho 150,000 inanunua leo. Ataumia polepole, tena katika umri ambao dawa zinahitajika zaidi.

Njia ya tatu ni kujilipa shilingi 200,000 na kuirudisha 100,000 kwenye mtaji kila mwezi. Kwa mwaka amerudisha 1,200,000, ambazo ni asilimia 4 ya milioni 30. Mwaka wa pili mtaji ni milioni 31.2, naye anaweza kujilipa 208,000. Akiendelea hivyo, atakapofika miaka 78 mtaji utakuwa unakaribia milioni 61, na malipo yake yatakuwa yamepita 400,000 kwa mwezi. Kwa thamani ya kweli hajawa tajiri. Anaishi vilevile alivyoishi siku ya kwanza. Kuishi vilevile kwa miaka 18 bila kumwomba mtu ndiyo maana ya kipato cha kudumu.

Ile 100,000 inayorudishwa kila mwezi ndiyo sehemu isiyoliwa. Si ziada ya anasa. Ni gharama ya kuufanya mtaji ubaki na nguvu zake.

Na kama faida si asilimia 12 bali ni 9? Basi mwaka huo zinakuja 2,700,000. Zinazorudishwa zinabaki 1,200,000, na zinazoliwa zinakuwa 1,500,000, yaani 125,000 kwa mwezi. Inauma, lakini kanuni ni kwamba mwaka mbaya hupunguza mlo, haupunguzi mtaji. Na mwaka mbaya ndio tuliouwekea akiba.

Mafungu matatu

Sisi wa Morogoro tunalijua vizuri jambo la akiba. Maji ya Mto Ngerengere na vijito vinavyoteremka Uluguru huja kwa wingi wakati wa masika, lakini watu wa Manispaa hunywa maji mwaka mzima. Kinachowavusha kiangazi ni Bwawa la Mindu. Na sote tunajua kwamba bwawa halitoshi kama vyanzo vya milimani vimelimwa hadi ukingoni. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ikaweka mita 60 zisizoguswa kandokando ya vyanzo vya maji. Mgawanyo wa mafao uwe na mantiki hiyohiyo.

Fungu la kwanza ni la mahitaji ya kuhama kutoka kazini: kulipa deni lililobaki, kuhamisha vyombo, kurekebisha paa. Muuguzi wetu amelitengea shilingi 2,400,000, na likiisha limekwisha. Fungu la pili ni bwawa: shilingi 4,800,000, ambazo ni pengo la miezi 24 kwa 200,000 kila mwezi. Hili hukaa mahali panapofikika kwa haraka, nalo hutumika mwaka wa faida ndogo au siku ya ugonjwa, kisha hujazwa tena. Fungu la tatu ni chanzo, zile milioni 30. Hapa hapaguswi. Panachotolewa ni maji tu, na si yote.

Pa kuweka chanzo

Nitataja mahali patatu pa kawaida na tabia ya kila pamoja.

Kwanza ni hatifungani za Serikali. Benki Kuu ya Tanzania huziuza kwa mnada, kwa vipindi kuanzia miaka 2 hadi 25. Serikali inakopa kwako, inakulipa riba mara mbili kwa mwaka, na mwisho wa kipindi inakurudishia fedha yako. Kiwango cha kuanzia ni shilingi 1,000,000. Huhitaji kwenda Dar es Salaam. Ununuzi hufanywa kupitia benki ya biashara au dalali wa soko la mitaji aliyesajiliwa. Riba hutofautiana kati ya toleo moja na jingine. Mwezi Aprili 2022 riba ya hatifungani mpya za miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10, na ya miaka 25 kutoka 15.95 hadi 12.56. Aliyekuwa amenunua mapema aliendelea kulipwa kiwango chake cha zamani. Aliyengoja alipata kipya. Kwa sababu hiyo si vyema kuweka fedha yote katika toleo moja la muda mmoja. Gawanyeni: nyingine ya miaka 5, nyingine 10, nyingine 20, ili kila baada ya miaka kadhaa sehemu fulani iive na kuwekwa upya kwa riba ya wakati huo.

Kumbukeni pia kwamba hatifungani ya miaka 25 aliyoinunua mtu wa miaka 60 itaiva akiwa na miaka 85. Akiihitaji fedha kabla ya hapo, ataiuza katika Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa bei ya siku hiyo, ambayo yaweza kuwa chini ya aliyonunulia. Hiyo ndiyo kazi ya lile bwawa: kumwepusha mtu na kuuza kwa shida.

Pili ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja. UTT AMIS, kampuni ya Serikali, inasimamia mifuko kadhaa: Umoja, ambao ulianza mwaka 2005, kisha Wekeza Maisha, Watoto, Jikimu, Ukwasi na Hatifungani. Mwekezaji hununua vipande, na wataalamu huzigawa fedha za wote katika hatifungani, amana za benki na, kwa baadhi ya mifuko, hisa. Jikimu uliundwa kwa wanaotaka gawio la mara kwa mara, na Mfuko wa Hatifungani nao una utaratibu wa gawio kwa wanaofikisha kiwango kilichowekwa. Ukwasi unafaa kwa fungu la bwawa, kwa sababu vipande vyake huuzwa na fedha kupatikana bila kungoja muda mrefu. Thamani ya kipande hupanda na kushuka, hasa kwenye mifuko yenye hisa nyingi. Hakuna anayeweza kuwaahidi kiwango maalumu cha faida, na atakayefanya hivyo mwogopeni.

Tatu ni amana ya muda maalumu katika benki. Ni rahisi kuielewa, na riba yake hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Lakini benki nayo yaweza kufungwa. Mwezi Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki ndogo tano kwa siku moja, na baadhi yake zilikuwa za wananchi wa mikoani. Bodi ya Bima ya Amana humlinda mwenye akiba kwa kiwango kisichozidi shilingi milioni 7.5 kwa kila mteja katika benki moja; awali kilikuwa milioni 1.5. Kinachozidi hapo husubiri ufilisi. Kwa mtu mwenye milioni 30, somo liko wazi.

Muuguzi wetu ameamua kuweka milioni 18 katika hatifungani za vipindi vitatu tofauti, na milioni 12 katika vipande. Si mpango pekee unaofaa, lakini una sifa mbili: hakuna mahali pamoja panapoweza kumfilisi, na kila mwaka kuna fedha inayoingia kwa tarehe zinazojulikana.

Shamba nalo lina muda wake wa kuiva

Najua mlichokuwa mkikingoja. Wengi mmesema moyoni: "Mimi nitarudi mlimani kulima." Ni jambo jema. Wazee wetu walielewa kugawa mali kabla ya neno uwekezaji halijazoeleka. Katika mteremko mmoja wa Kinole au Mkuyuni mtakuta migomba, mananasi, michungwa, pilipili manga na mikarafuu. Zao moja likikataa au bei ikianguka, jingine linalipa ada ya shule. Na kila moja lina muda wake. Kabichi ya Mgeta ni miezi michache. Mgomba ni kama mwaka. Nanasi hupita mwaka. Mkarafuu huchukua miaka 6 na zaidi kabla ya kutoa mavuno ya maana, na hata hapo hauzai sawasawa kila mwaka.

Kwa hiyo mkarafuu unapaswa kupandwa na mtu wa miaka 50, kwa mshahara, ili umkute akiwa na 60 na nguvu kidogo zimebaki. Anayeanza kupanda kwa fedha ya mkupuo akiwa na miaka 60 anaweka chakula cha leo katika sufuria litakaloiva akiwa na 67. Wenye miaka 52 na 53 mliomo humu, ninyi ndio ninaowasihi zaidi. Maafisa ugani wa kata ni watumishi wenzenu. Waulizeni juu ya miche, upandaji na magonjwa wakati bado mna mshahara wa kusamehe makosa.

Jambo la pili kuhusu shamba ni ardhi yenyewe. Katika Uluguru ardhi nyingi ni ya ukoo, na kwa desturi ya Kiluguru ukoo hufuatwa upande wa mama. Mzee wa kiume anayepanda mazao ya kudumu katika ardhi ya ukoo wake, au ile ya ukoo wa mkewe, ajue tangu mwanzo nani atairithi. Nimeona mashamba mazuri yakiwa chanzo cha kesi kati ya wapwa na watoto wa marehemu, na karafuu ikaanguka chini bila mchumaji. Kaeni na wazee wa ukoo, andikeni makubaliano, na pale inapowezekana ombeni hati ya hakimiliki ya kimila kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Serikali ya kijiji ndipo pa kuanzia. Kabla ya hati au maandishi, fedha ya kustaafu isitangulie shambani.

Mitego inayomsubiri mstaafu

Habari ya mafao husafiri haraka kuliko mafao yenyewe. Kabla fedha haijaingia, mstaafu amekwisha kupata marafiki wapya.

Mtego wa kwanza ni faida isiyo na maelezo. Watu wazima mnaikumbuka DECI, ambayo mwaka 2009 Serikali iliisimamisha baada ya maelfu ya wananchi kupanda "mbegu" zao wakiahidiwa mavuno ya haraka. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata. Waliofuata walipokwisha, malipo nayo yakakoma. Mipango hiyo haikufa, imebadilisha mavazi tu. Leo huja kwa simu, mara ikiwa ufugaji wa kuku usiouona, mara sarafu za mtandaoni. Muulizeni kila mhubiri wa faida maswali mawili. Fedha hii inazalishwa na nini? Na je, mmesajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, au na Benki Kuu? Akikasirika, amejibu.

Mtego wa pili ni mikopo ambayo watu wameipa jina lake sahihi, kausha damu. Mstaafu anaacha kadi yake ya benki na namba yake ya siri kwa mkopeshaji, naye mkopeshaji ndiye anayepokea pensheni. Nimewaona wazee waliotumikia umma kwa miaka 35 wakipanga foleni kwenye mlango wa mtu mmoja kila mwisho wa mwezi ili wapewe nauli kutoka katika pensheni yao wenyewe. Kadi ya pensheni haiwekwi rehani.

Mtego wa tatu ni biashara ya kwanza maishani. Mwalimu aliyefundisha kwa miaka 30 ananunua daladala. Hajawahi kusimamia dereva, hajui bei ya vipuri, na kila jioni hesabu inakuja na sababu. Kama unataka biashara, ianze kwa udogo miaka 5 kabla ya kustaafu. Ikistahimili mshahara wako, itastahimili pensheni yako.

Mtego wa nne ni mgumu kuusema, kwa sababu ni wa upendo. Watoto, wajukuu, na wapwa wana haki ya kutarajia kitu. Mkataeni hata mmoja wao kwa upole, si kwa uongo. Ni rahisi zaidi kusema, "Nitakusaidia kutoka katika kile ninachojilipa kila mwezi," kuliko kusema, "Sina." Kauli hiyo inalinda chanzo na inalinda undugu. Mzazi aliyegawa mkupuo wote kwa watoto katika mwaka wa kwanza huwa mzigo kwa watoto haohao katika mwaka wa tano, nao hawatakumbuka kwa nini.

Mwenza, mirathi na karatasi

Sasa nawageukia wenza. Katika miaka yangu ya kuandaa nyaraka za wastaafu, waliokuja ofisini wakilia hawakuwa wale ambao wenzi wao walikufa maskini. Walikuwa wale ambao wenzi wao waliacha kitu, lakini wao hawakujua kiko wapi. Mjane mmoja alikuwa na ujumbe wa riba katika simu ya marehemu, na hakujua ni riba ya nini wala kwa benki ipi. Ilimchukua muda mrefu na nauli nyingi kupata kile ambacho karatasi moja ingemwambia.

Basi andaeni karatasi hiyo. Iwe na namba ya uanachama wa PSSSF, jina la benki, akaunti ya hatifungani na tarehe za riba, namba ya uwekezaji wa vipande, mahali ilipo hati ya shamba, na majina ya mnaowadai na wanaowadai. Nakala moja ikae kwa mwenza. Hakikisheni majina ya wategemezi katika kumbukumbu za Mfuko ni ya leo, si ya mwaka mlioajiriwa. Andikeni wosia, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, huutunza. Hakikini pia na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya utaratibu wa huduma kwa mstaafu na mwenza wake kabla ya siku ya mwisho kazini, kwa sababu ugonjwa mmoja usio na bima unaweza kukausha bwawa na chanzo kwa pamoja.

Ya kufanya kuanzia Jumatatu

Kwa muhtasari, nawaombeni mfanye mambo machache. Ofisi ya Utumishi ikague majalada yenu: barua ya ajira, barua za kuthibitishwa na kupandishwa vyeo, tarehe za kuzaliwa na majina yanayolingana na kitambulisho cha Taifa. Mafao mengi huchelewa kwa herufi moja. Ombeni taarifa ya michango yenu na mlinganishe miezi. Andikeni bajeti ya mwezi mmoja mkiwa wawili mezani, mjue pengo lenu ni kiasi gani. Kisha fedha ikiingia, msifanye uamuzi mkubwa wowote kwa siku 90. Iacheni mahali salama, msikilize ushauri, mlale usingizi, ndipo mgawe mafungu. Na kila mwaka, siku ileile mnayofanya uhakiki wa pensheni, fanyeni uhakiki wa pili wa nyumbani: mtaji ulikuwa kiasi gani mwaka jana, mwaka huu ni kiasi gani, na je, sehemu isiyoliwa ilirudishwa?

Jibu likiwa ndiyo, andikeni kiasi kipya cha kujilipa kila mwezi, mkiwa wawili, na mweke sahihi zenu chini yake. Likiwa hapana, punguzeni kiasi hicho mwezi huohuo, msisubiri mwaka mwingine.